Mama yangu "alifariki" mara mbili, bosi anasema nimedanganya

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 32, ni mratibu wa safari katika kampuni moja ya utalii hapa Arusha. Wenye kampuni ni wageni kutoka Ulaya. Nimeajiriwa tangu Februari 2022 na hadi juzi sikuwahi kupewa hata onyo la mdomo.

Oktoba 2023 mama yangu mzazi alifariki. Nilipewa siku nne za msiba, tukazika, nikarudi kazini. Tarehe 5 Juni mwaka huu wa 2025 amefariki mama mkubwa, Kibosho, mkoani Kilimanjaro. Huyu ndiye aliyenilea. Nilipelekwa kwake nikiwa na miaka mitano, nikatoka pale nimemaliza kidato cha nne. Ada, sare, vikao vya wazazi shuleni, vyote ni yeye. Asubuhi ile nikajaza fomu ya ruhusa, na kwenye nafasi ya uhusiano na marehemu nikaandika mama. Fomu ni ya Kiingereza, kwa hiyo neno nililoandika ni lile lile la 2023. Sikufikiri mara mbili, Shangazi. Ndivyo nilivyomwita maisha yangu yote.

Niliporudi, afisa utumishi alikuwa ameshafungua faili langu na kukuta kwamba mama yangu alikwisha kufa.

Kabla hilo halijapoa likaja la pili. Wageni wawili walikuwa wanatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Jumanne tarehe 17 Juni, ndege ya saa 00:40. Nikampigia dereva: "Jumanne usiku, saa sita na dakika arobaini." Dereva akaenda Jumanne usiku kweli, wakati wageni walishatua usiku uliotangulia na kupanda teksi kwa hasira. Bosi alituambia mbele ya wenzetu kwamba kwetu familia haina mwisho na saa hazina mwanzo. Tarehe 23 nikapewa barua ya kujieleza ndani ya siku tano za kazi, kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa udanganyifu na uzembe.

Baba anasema nimjibu kwamba mama ni mama, mzungu atake asitake. Rafiki yangu wa ofisini anasema niombe radhi, niandike kwamba alikuwa shangazi tu, kwa neno lao la Kiingereza. Neno hilo linanishinda. Hazijatimia hata wiki tatu tangu tumzike, naona kama namkana.

Nijieleze vipi? Na je, kuanzia sasa niache kuwaita mama zangu mama nikiwa kazini? Bado nina mama wadogo wawili, na mmoja hali yake si nzuri.

Mwanao wa Sakina, Arusha

* * *

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba, na pole ya pili kwa kulazimika kuutetea msiba wenyewe kwa maandishi.

Umeniita shangazi na mimi si dada wa baba yako. Wewe unajua hivyo, mimi najua hivyo, na hakuna aliyedanganywa. Tunajua neno limesimama kwa maana gani kwa sababu wote wawili tumo ndani ya hesabu moja. Barua yako ina makosa mawili yaliyotokea pale hesabu mbili zilipokutana bila alama, na habari njema ni kwamba Kiswahili kina alama za yote mawili tangu zamani. Moja ni neno mzazi. Nyingine ni neno kuamkia. Tuanze na la mama, kwa kuwa ndilo lenye barua nzito.

Tofautisha kwanza kosa na tuhuma. Tuhuma ni udanganyifu, maana yake ulijua si kweli ukaandika ili upate kitu. Hukufanya hivyo. Kosa ni kwamba ulijaza nafasi ya fomu inayouliza kwa hesabu ya wengine ukajibu kwa hesabu ya nyumbani. Hilo lilikuwa kosa, na nakushauri ulikubali waziwazi, kwa sababu sheria nayo inahesabu karibu na anavyohesabu bosi wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mama mkubwa hakutajwa. Kwa hiyo ushauri wa baba yako, kwa heshima zote, utakufikisha mlangoni tu. Mama ni mama kweli, lakini kifungu kimeandika mzazi.

Sasa jambo ambalo afisa utumishi naye huenda amelikosea. Siku hizo 4 huhesabiwa kwa mzunguko wa miezi 36 unaoanzia siku ya kuajiriwa. Wewe umeajiriwa Februari 2022, hivyo mzunguko wa kwanza uliisha Januari 2025, na ulio ndani yake sasa ni wa pili, unaokwenda hadi Januari 2028. Siku ulizotumia Oktoba 2023 ni za mzunguko uliokwisha. Wakikuambia ulishamaliza siku zako, waonyeshe tarehe ya mkataba wako. Mwajiri ana haki ya kudai uthibitisho wa kuridhisha kabla ya kulipa siku hizo, na kinachotajwa pale ni kiwango cha chini, hivyo hakuna kinachomzuia kutoa zaidi. Soma toleo lenye marekebisho ya karibuni, maana sheria za kazi huguswa mara kwa mara.

Ndani ya mzunguko mmoja siku 4 hubaki 4 hata wakifa watu watatu. Zinazozidi mnakubaliana, nazo hazina malipo. Shika hili, tutalihitaji mbele.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Usianze na "katika utamaduni wetu". Ukianza hivyo unakuwa wakili wa Afrika nzima, na msomaji anajiandaa kubishana na Afrika nzima. Anza na mtu aliyekufa. Kwa mfano:

"Marehemu ni dada mkubwa wa mama yangu mzazi. Mama yangu mzazi alifariki Oktoba 2023, kama faili langu linavyoonyesha. Marehemu alinilea nyumbani kwake Kibosho tangu nikiwa na miaka mitano hadi nilipomaliza kidato cha nne, na ndiye aliyesaini kama mlezi wangu shuleni. Kwa Kiswahili anaitwa mama mkubwa, nami nilimwita mama. Nilipojaza fomu niliandika neno hilo bila kueleza uhusiano wa kuzaliwa. Ilikuwa ni kukosa kufafanua, haikuwa nia ya kuficha."

Tafsiri sentensi hizo kwa lugha ya ofisini kwako neno kwa neno, na usimwache "dada mkubwa wa mama yangu mzazi" akageuka kuwa neno moja. Hapo ndipo rafiki yako alipokosea. Neno la Kiingereza analotaka ulitumie linawachanganya shangazi, mama mkubwa, mama mdogo na mke wa mjomba katika kapu moja. Si uongo, lakini linasema kidogo kuliko ukweli, na kwa mtu aliyekulea linasema kidogo mno. Maelezo marefu hayamkani mtu.

Aya ya pili iwe ya malipo. Sema kama kampuni haitamhesabu mlezi kama mzazi, basi siku ulizokosa zikatwe kwenye likizo yako ya mwaka, ambayo kwa sheria ni siku 28, au ziwe siku zisizo na malipo. Mdanganyifu haji na pendekezo la kurudisha alichochukua, na msomaji wa barua atalitambua hilo bila kuambiwa.

Ambatisha vitu vitatu. Cha kwanza ni barua ya mtendaji wa kijiji au kata ya Kibosho inayomtaja marehemu, tarehe ya kifo na uhusiano wenu. Mwombe aandike "mlezi" na "dada wa mama mzazi", asiandike "mama" peke yake, la sivyo unarudi pale pale. Cha pili ni nakala ya kibali cha mazishi, au cheti cha kifo kama kimetoka. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, kwa hiyo waulize kaka zako wa Kibosho leo, maana tarehe 5 Julai iko karibu. Cha tatu ndicho chenye nguvu kuliko vyote na watu hukisahau: ripoti ya shule au fomu ya kujiunga. Tazama chini kabisa, penye mstari wa sahihi. Pameandikwa mzazi/mlezi. Mkwaju ule mdogo katikati ya maneno mawili umekaa kwenye karatasi za shule za nchi nzima, na unasema jambo ambalo fomu ya kampuni yako haikulijua. Ripoti moja yenye sahihi yake inatosha.

Unaweza pia kutaja, kwa sentensi moja, kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa mambo yake, inamhesabu kama mzazi pia mtu aliyekabidhiwa malezi ya mtoto. Hiyo ni sheria nyingine na haikupi siku za likizo yenyewe. Inaonyesha tu kwamba kumwita mlezi mzazi hukukuzua wewe.

Ukiitwa kikaoni, bosi atauliza swali ambalo wengi huuliza: je, kwenu kila mwanamke mzee ni mama? Hapa usicheke wala usikasirike, kwa sababu jibu ni la kiufundi na ni fupi. Dada wa mama ni mama, mkubwa au mdogo kulingana na umri wake kwa mama yako. Kaka wa baba ni baba, mkubwa au mdogo vilevile. Lakini kaka wa mama ni mjomba, na dada wa baba ni shangazi, nao hawawi baba wala mama kamwe. Watoto wa mama mkubwa na wa baba mdogo ni kaka na dada zako. Watoto wa mjomba na wa shangazi ndio binamu. Ni kanuni yenye mipaka, tena kali kuliko ya Kiingereza, ambako baba mkubwa, baba mdogo, mjomba na mume wa shangazi wote huitwa kwa neno moja. Mkenya au Mtanzania akiambiwa na Mwingereza kwamba kuna msiba wa huyo ndugu mmoja, hajui hata ni upande gani wa familia akatoe pole.

Wala si jambo la Waswahili peke yao. Mwanasheria wa New York, Lewis Henry Morgan, alikuta Waseneca, wenyeji wa eneo lake, wakimwita dada wa mama kwa neno la mama, akashangaa, akatuma maswali sehemu nyingi za dunia, akakuta Watamil wa India nao hivyo hivyo. Alichapisha matokeo mwaka 1871. Kwa upande mwingine, George Peter Murdock, naye Mmarekani, aliandika mwaka 1949, baada ya kulinganisha jamii 250, kwamba kiini cha baba, mama na watoto wao kipo kila mahali duniani. Wasomi wenzake walimpinga kwa mifano ya jamii ambazo kiini hicho hakishiki wanavyoishi watu. Fomu ya kampuni yako imekaa upande wa Murdock bila kujua kwamba kuna upande. Hayo nakupa uyaweke mfukoni. Usiende kumhutubia bosi. Mtu anayejieleza hashindi kwa kumwonyesha mwenzake kwamba hajasoma.

Lakini sisi nasi tuna utata wetu. "Mama mkubwa" ni dada mkubwa wa mama, ni mke wa baba mkubwa, na katika nyumba ya wake wawili ni mke mkubwa wa baba. Watu watatu tofauti kabisa. Ndiyo maana hata sisi kwa sisi, jambo linapokuwa zito, huongeza neno. Ukienda kuandikisha cheti cha kuzaliwa unasema mama mzazi. Kwenye mgogoro wa shamba tunasema ndugu wa tumbo moja, au ndugu wa toka nitoke. Na sikiliza wasifu wa marehemu unavyosomwa msibani huko huko Kibosho, kabla jeneza halijashushwa: alizaliwa lini, mtoto wa ngapi, ameacha watoto wangapi, wajukuu wangapi, vitukuu wangapi. Pale ukoo mzima umesimama na hakuna anayesema "mama ni mama" akaishia hapo. Anahesabiwa kila mtu mahali pake, na hakuna anayeona marehemu amekanwa.

Kwa hiyo swali lako la pili nalijibu hivi: usiache. Ukiongea na wenzako sema mama amefariki, wakupe pole. Ukishika kalamu, ongeza mzazi, mlezi, mkubwa au mdogo, na kamba ya uhusiano hadi kwako. Jihadhari zaidi na neno kaka. Mtoto wa mama mkubwa akifariki (Mungu aepushe), utashawishika kuandika kaka, na kaka yumo kwenye kifungu cha 34. Hapo ndipo utakapoitwa mdanganyifu kwa mara ya pili, na safari hiyo watakuwa na barua ya kwanza mkononi.

Kwa mama wadogo, usisubiri. Jambo hili likishatulia, omba kampuni iweke kwenye faili la kila mfanyakazi karatasi moja ya familia: jina, uhusiano kwa maelezo kamili, na kama mtu huyo alimlea mfanyakazi, kuanzia umri gani hadi upi. Ijazwe sasa, watu wakiwa hai, kwa sababu orodha iliyoandikwa kabla ya msiba haishukiwi. Kisha pendekeza sentensi moja iongezwe kwenye kanuni za kampuni: kwamba mzazi ni pamoja na mtu aliyemlea mfanyakazi kwa miaka isiyopungua mitano kabla hajatimiza miaka 18. Bosi ataogopa kwamba wafanyakazi wataleta mama kumi na wawili. Hapa ndipo unaitoa ile hesabu niliyokuambia uishike. Kuongeza watu hakuongezi siku. Kiwango kinabaki siku 4 kwa miezi 36, wawe mama wawili au saba. Inachotoa kampuni ni uhuru wa mfanyakazi kuchagua azitumie kumzika nani. Kwa kipimo hicho, mama wadogo wako ambao hawakukulea watabaki nje, nawe utawazika kwa likizo ya mwaka. Nakuambia mapema usije ukasema Shangazi alinidanganya.

Sasa la KIA. Bosi anaamini kwamba saa ya Kiswahili ndiyo iliyowaacha wageni uwanjani. Siyo. Saa 00:40 ni saa 6:40 usiku, na ulimwambia dereva saa 6:40 usiku. Saa ilikuwa sahihi hadi dakika. Kilichopotea ni siku.

Kwa kalenda ya tiketi, Jumanne inaanza katikati ya usiku, kwa hiyo Jumanne moja ina vipande viwili vya giza, kimoja mbele na kimoja nyuma, na ndege yako ilitua katika kile cha mbele. Kwa masikio ya watu wengi wa Arusha, "Jumanne usiku" ni giza linalofuata baada ya mchana wa Jumanne. Na ukimkuta mzee wa Pwani anayehesabu kwa desturi ya zamani, ambayo siku huanza jua linapozama, usiku wa Jumanne kwake ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Laiti dereva wenu angekuwa mzee wa Tanga, wageni wangepokelewa.

Dawa yake iko kwenye redio kila asubuhi: usiku wa kuamkia Jumanne. Hayo tu. Neno kuamkia linakwambia kutakucha kuwa siku gani, na halina njia ya pili ya kueleweka, uwe Mpwani au Mchaga au mtu wa Ulaya aliyejifunza Kiswahili juzi.

Hata hivyo kwa kazi ya mapokezi kuna njia iliyo bora zaidi ya kusema vizuri, nayo ni kumwambia dereva saa ya kuondoka badala ya saa ya ndege. Kutoka mjini hadi KIA ni kama kilomita 45, saa nzima kwa mwendo wa usiku. Ndege ya 00:40 inataka dereva aondoke Arusha saa 5:15 usiku, na hiyo ni Jumatatu tarehe 16. Umeona? Tiketi inasema Jumanne 17, kazi ya dereva inaanza Jumatatu 16. Ukimpa saa ya kutua unamwachia yeye arudishe siku nyuma kichwani, akiwa barabarani, simu ikiwa sikioni. Karatasi ya mapokezi iwe na: ondoka Jumatatu 16/06 saa 5:15 usiku, ndege inatua usiku wa kuamkia Jumanne 17/06, 00:40, namba ya ndege, majina. Namba ya ndege ni muhimu kwa sababu dereva anaweza kuangalia kama imechelewa. Kila ndege inayotua kati ya 00:00 na 02:00 kwa hesabu ya tiketi, yaani hadi saa nane usiku yetu, ipige mstari mwekundu ofisini.

Kuhusu saa zenyewe, mtego haumo mahali watu wanapodhani. Kuongeza au kupunguza sita kila mtu wa Arusha anaweza. Wengi hutazama tu namba iliyo upande wa pili wa mshale kwenye saa ya ukutani. Tabu ni kwamba ukibadili mara mbili unarudi ulikoanza. Mgeni anasema tisa akiwa na maana ya 09:00. Mpokeaji wa simu anaandika tatu, sawa. Dereva anaona tatu, anajua imeandikwa na ofisi ya wazungu, anaibadili tena kwa wema wake, inakuwa saa tisa yetu, anafika alasiri. Wawili wamefanya kazi vizuri na mgeni ameachwa. Namba zinazouma zaidi ni 3 na 9, 4 na 10, kwa sababu zote mbili za kila jozi ni saa za mchana, na hakuna kinachomshtua mtu. Mtu akiambiwa aje saa nane usiku kumchukua mgeni wa kwenda sokoni atauliza. Akiambiwa saa nne au saa kumi hatauliza.

Weka sheria mbili ofisini. Mtu mmoja tu ndiye anayebadili saa, yule anayeandika karatasi. Wengine wote wanasoma kilichoandikwa. Na maumbo yasichanganyike: saa ya kimataifa iandikwe siku zote kwa tarakimu nne, 09:00, 15:00, saa yetu iandikwe siku zote na neno saa pamoja na kipindi cha siku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri. Hapo msomaji anaitambua hesabu kwa kuitazama tu. Mkiwa na vikao vya mtandaoni na Ulaya, kumbuka wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, sisi hatusogezi. Berlin tunaizidi saa mbili majira yao ya baridi, saa moja majira yao ya joto.

Na bosi akirudia kwamba saa zetu hazina mwanzo, mwanzo unao. Unahesabu kutoka kucha. Arusha jua huchomoza kati ya saa 12 na dakika kumi hivi na saa 12 na dakika arobaini hivi, mwaka mzima, kwa hiyo saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Inafanya kazi hapa kwa sababu tuko karibu na mstari wa ikweta. Kwao, ambako jua la Desemba huchomoza saa kadhaa baada ya lile la Juni, hesabu hiyo isingefaa kwa saa za leo, nao hawaitumii. Kila mmoja ana saa inayofaa mahali pake.

Na akikutupia lile la "muda wa Kiafrika", kwamba Mwafrika hajali wakati, liache lipite. Lina historia ndefu: mwaka 1969 mwanateolojia wa Kenya, John Mbiti, alitumia maneno yetu sasa na zamani kudai kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali, na Waafrika wenzake, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, walimkatalia. Mkulima wa Kibosho anayepanda mche wa kahawa akijua hatavuna kitu kwa miaka mitatu au minne angekuwa na lake la kusema. Angeongeza na la mfongo, mfereji wa Wachaga wa kumwagilia mashamba, ambako maji hugawanywa kwa zamu na anayechelewa zamu yake hukuta yameshageuzwa kwenda kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha jirani. Lakini kwenye barua ya kujieleza hakuna nafasi ya kahawa. Andika tu kwamba kosa lilikuwa la kutaja siku, kwamba ulilitenda wewe, na ambatisha nakala ya karatasi mpya ya mapokezi ikiwa imejazwa kwa ndege hiyo hiyo.

Ulipewa barua Jumatatu tarehe 23, kwa hiyo usipitishe Ijumaa tarehe 27. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Barua ya mtendaji isipowahi, taja kwamba inafuata na siku utakayoileta. Likifika mbali ukaachishwa kazi, una siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa migogoro mingine ni 60. Sidhani litafika huko.

Na dereva. Hukusema kama naye amepewa barua. Kama amepewa, andika kwenye yako, kwa sentensi inayojitegemea, kwamba alikwenda siku na saa ile ile uliyomtajia.